Mama Suuza, ndoo ya stili na barua isiyofutwa

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, na Mama Suuza ameshamgombeza mwandishi wa habari hii mara mbili.

Mara ya kwanza ni kwa sababu ya saa ya mkononi. "Mwanangu, hiyo saa ni ya chuma?" anauliza, akiwa amesimama ndani ya mto, maji yakimfika magotini. "Ivue uitie mfukoni. Au kaa nayo huko huko kwenye nyasi." Mara ya pili ni kwa sababu ya mahali pa kusimama. Mwandishi amejisogeza upande maji yanakotoka ili amwone vizuri usoni. "Toka huko juu! Unanikorogea tope liingie kwenye chupa yangu, halafu kesho watasema nani? Watasema mimi."

Anasubiri tope lipite. Hana haraka. Kisha anageuza uso maji yanakotoka, anazamisha jagi la plastiki lililopauka, analisuuza na kumwaga maji nyuma yake. Anasuuza tena, anamwaga. Anasuuza mara ya tatu. Ndipo anachota. Chupa nayo inasuuzwa mara tatu, na kifuniko chake mara tatu, kidole kisiguse ndani.

Amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa katika vituo tisa vya mto huu, kuanzia chemchemi iliyoko mlimani hadi kwenye kisima cha mtaa wa bondeni, kilomita kumi na nne kwa miguu. Watoto wanaoogelea ndio waliompa jina la Mama Suuza. Hata mumewe, fundi cherehani, analitumia anapotaka kumchokoza. "Nyumbani kwangu kikombe hakifiki mezani mpaka kisuuzwe mara tatu," anasema mzee huyo. "Chai inapoa, mimi nangoja kikombe."

Mwanamke huyu ndiye aliyeandikiwa barua kwamba ni mchafu.

Barua yenyewe anayo kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya mkoba wa chupa. Ni ukurasa mmoja, una muhuri wa ofisi ya maji, na maneno yake makuu ni haya: "uzembe wa mchukua sampuli uliosababisha kuchafuliwa kwa sampuli za miezi saba." Ukiisoma kando ya mto huku unamwangalia anavyosuuza kifuniko cha chupa kana kwamba ni jicho la mtoto mchanga, unaweza kucheka. Lakini kicheko kinakwisha ukijua barua hiyo imefanya nini hadi leo, na inaendelea kumfanyia nani kazi.

Kisima cha mtaa wa bondeni kinahudumia kaya mia tatu na arobaini. Bomba lipo, ila linatoa maji siku mbili kwa wiki, na siku nyingine linatoa upepo. Miaka minne iliyopita maji ya kisima yalipimwa yakakutwa na kromu mara tatu zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa, tena kromu ya aina mbaya, ile ambayo madaktari wanaihusisha na vidonda na saratani. Mdogo wake Mama Suuza, mfua nguo mwenye watoto wanne, anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Mikono yake ina vidonda ambavyo havijapona tangu mwaka juzi. Daktari wa zahanati hajasema ni maji, na hajasema si maji.

Katikati ya chemchemi na kisima kuna kiwanda. Kinapaka vyuma kromu viwe vinang'aa: vitasa, mabomba, bampa za magari. Mfereji wake unatoka nyuma ya ukuta na kuingia kwenye shimo lisilosakafiwa, mita chache kutoka mtoni. Mtu yeyote mwenye macho angesema kazi imekwisha hapo.

Kiwanda kikasema hapana. Mlima wetu, kikasema, una miamba ya kijani inayoteleza, na miamba hiyo ina kromu tangu dunia iumbwe. Mvua inaila, mto unaibeba, kisima kinaipokea. Mlaumuni Mungu.

"Na hapo hawakusema uongo," anasema Mama Suuza, akibana kifuniko cha chupa ya kituo cha kwanza. "Mlima una kromu kweli. Ila swali si kama mlima unayo. Swali ni hii iliyoko kisimani ni ya nani."

Swali hilo lina jibu, na jibu lenyewe ndilo lililomtia matatani. Mkemia wa ofisi ya maji, kijana mpole anayezungumza kwa kunong'ona hata akiwa amekasirika, alimweleza mwandishi kwa subira. Kromu ina aina zinazopishana uzito kidogo sana, nazo huitwa isotopu. Zote ni kromu, kwa rangi na kwa tabia, ila kuna nyepesi, wanayoiita hamsini na mbili, na nzito kidogo, hamsini na tatu. Mvua inapolila jiwe miaka na miaka, kromu inayoyeyuka na kushuka na mto huelekea kuwa na nzito nyingi zaidi kidogo, na udongo uliobaki nyuma hukutwa na nyepesi nyingi zaidi. Kiwanda hakina subira hiyo. Kromu yake ilichimbwa mwambani ikayeyushwa yote kwa mpigo, kwa hiyo uwiano wake ni ule ule wa mwamba.

Mama Suuza anaeleza jambo hilo hilo kwa maneno manne: "Mvua inachagua. Kiwanda hakichagui."

Kisha anaongeza kwa kucheka, "Mimi mwenyewe mwaka huu natimiza hamsini na tatu. Yule mkemia ananiita ile nzito. Namwambia ndiyo, ile inayokwenda na maji, si inayobaki nyuma imekalia kiti."

Mkemia anaonya kwamba mambo hayawi rahisi hivyo daima. Maji yakipita chini ya ardhi, sehemu ya kromu huganda njiani, nyepesi zikitangulia, na inayobaki majini huzidi kuwa nzito. Kromu ya kiwanda ikisafiri mbali inaweza kuanza kufanana na ya mlimani. Ndiyo maana chupa moja haitoshi. Yanatakiwa maji ya njia nzima, mwezi baada ya mwezi, ili kila badiliko lionekane limeanzia wapi. Na chupa inayobeba mzigo wote ni ile ya kituo cha kwanza, juu ya kiwanda, ambako hakuna kitu kingine zaidi ya mlima na mvua. Ikiharibika hiyo, hakuna cha kulinganisha.

Waliiharibu. Na walioiharibu hawakuwa wamesimama mtoni.

Ilianza na wageni. Mwaka juzi, wafadhili wa upimaji walikuwa wanakuja na kamera, na mkuu wa ofisi alipopita stoo akaliona jagi la Mama Suuza: plastiki, limepauka, mpini umefungwa kamba. Akasema ni aibu. Wiki hiyo hiyo ikanunuliwa ndoo ya stili, inang'aa kama kioo, na ubavuni ikabandikwa nembo ya ofisi. Pamoja na ndoo yakaja maelekezo mapya. Kwa desturi, kila chupa hutiwa matone machache ya asidi baada ya maji kuchujwa, ili kromu isigande kwenye kuta za chupa. Kazi hiyo inafanywa chupa kwa chupa, na inachosha mgongo. Sasa, alisema mkuu, asidi itiwe ndooni mara moja, maji yagawanywe kwenye chupa yakiwa tayari, muda uokolewe.

Msomaji asiyejua maabara huenda haoni kosa. Kosa ni kwamba stili haiachi kushika kutu kwa hiari yake. Inatiwa kromu. Sasa chukua chombo chenye kromu, kitie asidi, kisha uchotee maji unayotaka kuyapima kromu.

Mama Suuza hakusoma kemia. Aliishia darasa la saba. Lakini katika kikao cha watu kumi na mmoja, yeye peke yake ndiye aliyenyoosha mkono.

"Nikamwambia, bosi, hata ndimu huikamulii kwenye sufuria ukaiacha ikalala humo. Asubuhi mchuzi una ladha ya sufuria. Sasa hii ni asidi yenyewe, si ndimu." Anakunja glavu zake. "Wakacheka. Mmoja akasema, mama, hapa hatupiki. Nikakaa."

Hapa hatupiki! Watu kumi wenye vyeti walicheka, na mkemia, kwa aibu yake mwenyewe, anakiri kwamba alikuwa miongoni mwao. "Sikucheka sana," anasema. "Ila nilicheka. Na nilijua ana haki kabla sijamaliza kucheka. Sikusema kitu, kwa sababu mkuu alikuwa ameshaisifu ndoo mbele ya wageni."

Siku tatu baadaye Mama Suuza alipewa onyo la maandishi kwa "kubishana na maelekezo". Mnyonge ukitaka kumnyamazisha, mpe karatasi.

Alitii. Kwa miezi saba alibeba ndoo ya stili hadi chemchemini na kushuka nayo hadi kisimani. Mwezi wa pili aliona duara la ukungu limetokea ndani ya ndoo, pale maji yenye asidi yalipokuwa yakikomea. Akaipeleka ofisini, akawaonyesha. Wakampa waya wa kusugulia masufuria, wakamwambia aisugue irudishe mng'ao.

"Nikaisugua," anasema. "Ningefanya nini? Nilikuwa na onyo moja tayari. Ila moyoni nilikuwa nasema, mnanisuguisha kromu iingie vizuri zaidi."

Lakini katika kutii kwake kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyemkataza, maana hakuna aliyelitilia maanani.

Kila safari ya mto, kanuni inataka ibebwe chupa ya maji safi kabisa kutoka maabara, maji yasiyo na kitu. Yanakwenda mtoni, yanafunguliwa huko, yanapitishwa kwenye vyombo vyote kama maji ya mto, yanafungwa, yanarudi. Yakirudi yakiwa bado hayana kitu, mikono ya mchukua sampuli ilikuwa safi. Wenye kazi yao wanaiita chupa tupu. Mama Suuza anaiita chupa ya shahidi.

Kanuni inataka chupa moja. Tangu siku ndoo ilipofika, yeye akawa anabeba mbili. Ya kwanza aliipitisha kwenye ndoo, na asidi yake, kama alivyoamriwa. Ya pili aliipitisha kwenye jagi lake la zamani, alilokuwa amelificha ndani ya kanga chini ya mkoba. Akaandika lebo kwa mwandiko wake wa kulala: "tupu, ndoo" na "tupu, jagi", tarehe, kituo. Miezi saba, chupa kumi na nne. Zote alizikabidhi maabara na kutiliwa sahihi ya kupokelewa.

Na maabara ikazifungia kabatini bila kuzipima. Vipimo vya isotopu vinafanyika nchi ya mbali na kila chupa ina gharama yake, na mkuu wa ofisi, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika pembeni ya orodha: "Maji yasiyo na kitu yapimwe ya nini?"

Majibu yalipokuja yalikuwa msiba. Kutoka chemchemi hadi kisima, kromu ilikuwa ile ile, na uwiano ule ule wa mwamba usiochaguliwa na mvua. Stili nayo, kumbe, hutengenezwa kwa kromu iliyochimbwa na kuyeyushwa kwa mpigo, kama ya kiwanda. Ndoo ilikuwa imejisajili katika kila kituo. Mwanasheria wa kiwanda hakuhitaji hata kuvaa miwani. Tazameni, aliiambia tume ya maji iliyokuwa ikisikiliza shauri la kisima, hata juu ya kiwanda chetu, kwenye chemchemi, ni kromu hiyo hiyo. Ama ni ya mlima, ama watu wenu wamechafua sampuli. Chagueni.

Ofisi ikachagua. Haikuchagua ndoo, kwa sababu ndoo ilikuwa na mwenyewe. Ilimchagua mama wa darasa la saba. Barua ikatoka ghorofa ya pili, ikashuka hadi dirisha la mapokezi, na Mama Suuza akapewa asaini kwamba ameipokea. Kazi ikaisha siku hiyo, baada ya miaka kumi na nane na miezi minane.

Kuna hasira ambayo mwandishi anapaswa kuiweka pembeni ili aandike habari yake kwa haki. Mwandishi huyu amejaribu, na ameshindwa. Mtu mmoja ndani ya jengo zima alijua ndoo itaharibu kazi, akasema, akachekwa, akaonywa, akatii, akaacha ushahidi kabatini mwao wenyewe, kisha wakamfukuza kwa kosa alilowakataza.

"Sikulia," anasema. "Mume wangu ndiye aliyelia. Mimi niliwaambia neno moja tu. Fungueni chupa zangu."

Hawakufungua. Kwa siku kumi na moja alikwenda kila asubuhi kukaa kwenye benchi la korido ya maabara, jagi lake mapajani. Watumishi wakipita wakawa wanaangalia sakafu. Siku ya kumi na moja, jioni wenzake walipoondoka, mkemia akatoka na funguo za kabati. "Nilichoka kuangalia sakafu," anasema.

Hakuhitaji maabara ya mbali ili kujua kama kromu ipo au haipo. Ilikuwa kazi ya jioni moja. Chupa saba za jagi zilikuwa kama zilivyotoka maabara, hazina kitu. Chupa saba za ndoo zilikuwa na kromu, na kila mwezi iliongezeka, ikaruka zaidi baada ya ule waya wa masufuria. Baadaye alituma mbili kati ya hizo zikapimwe isotopu. Zilirudi na uwiano wa mwamba usiochaguliwa, ule ule ulioonekana chemchemini. Akaandika taarifa ya ukurasa mmoja na nusu, akataja ndoo kwa jina lake.

Sasa msomaji anategemea kusikia kwamba barua ilifutwa. Wapi! Taarifa iliwekwa kwenye faili. Mama Suuza aliitwa kazini, ndiyo, maana tume ilitaka sampuli mpya na hakuna mwingine anayejua vituo vyote tisa, lakini aliitwa kama kibarua wa kutwa, kwa nusu ya alichokuwa akipata, bila hesabu ya miaka yake. Jagi likarudi mtoni bila neno. Mkuu wa ofisi bado ni mkuu wa ofisi. Ndoo ya stili mwandishi aliiona kwa macho yake: imejazwa mchanga na kuwekwa kwenye mlango wa chumba cha mikutano ili usijifunge.

Sampuli mpya za mwaka mzima ziko wazi kama mchana. Juu ya kiwanda, kromu ni kidogo na ni ile nzito iliyochaguliwa na mvua. Chini ya mfereji inapanda ghafla, na uwiano unageuka kuwa wa kiwanda. Kutoka hapo hadi kisimani inabadilika kidogo kidogo, kama mkemia alivyotarajia. Kisima kimejibu swali lake.

Lakini mwanasheria wa kiwanda ana nakala ya ile barua. Kila sampuli ikiwekwa mezani, anauliza swali moja: nani aliyechota? Kisha anasoma, kwa sauti nzuri, "uzembe wa mchukua sampuli". Barua haijafutwa, kwa hiyo ni kweli. Na kwa muda wote itakapokuwa kweli, maji ya mwaka mzima ni maji ya mzembe, mfereji unaendelea kutiririka, na kaya mia tatu na arobaini zinaendelea kuchota.

Mwandishi alimuuliza mkuu wa ofisi kwa nini haifuti. Alijibu kwa upole sana. "Yule mama tunamheshimu mno. Suala linashughulikiwa ndani. Ila barua ikishatoka imetoka." Alipoulizwa kuhusu ndoo alisema hakumbuki ni ndoo ipi. Ilikuwa hatua nne kutoka alipokaa. Kiwanda kilisema hakizungumzii jambo lililo mbele ya tume.

Wiki iliyopita ofisi ilimletea Mama Suuza karatasi nyingine, safari hii nyumbani, kwa gari. Mwandishi alikuwepo. Chumba cha mbele ndicho karakana ya mumewe: cherehani dirishani, vipande vya kitambaa sakafuni, suruali tatu zikingoja kupunguzwa. Afisa aliyetumwa aliondoa pini kwenye kiti kabla ya kukaa. Karatasi ilisema matokeo mabaya yalitokana na "makosa ya kibinadamu ya pande zote", na kwamba mchukua sampuli anakubali sehemu yake. Akitia sahihi, atarudishwa kazi ya kudumu, na miaka yake yote itahesabiwa.

"Ni kwa faida yako, mama," alisema afisa. "Tunayamaliza kifamilia."

"Kifamilia," alijibu. "Mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, baba. Pande zote zipi? Upande wangu ulikosea nini?"

Afisa aliacha karatasi mezani akaondoka. Mumewe aliishika, akaisoma mara mbili, akaiweka chini ya mkasi isipeperuke. "Nilimwambia atie sahihi," anakiri. "Nilisema, mke wangu, umebakiza miaka miwili ustaafu, sahihi haiumi. Alinitazama nikajua nitakunywa chai baridi mwezi mzima."

Aliyemaliza mjadala ni mdogo wake, aliyepita jioni na ndoo tupu ya plastiki akielekea kisimani. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Dada, ukitia sahihi sikulaumu," alisema. "Una nyumba, una umri. Ila nikuulize tu. Ukishasema nusu ya uchafu ni wako, ile nusu nyingine ya kiwanda nani ataitafuta?"

"Kaipumzishe mikono yako," alimjibu dada mtu. "Maji utachota kwangu, nimekinga ya bomba." Kisha akaichukua karatasi kutoka chini ya mkasi, akaigeuza, na mgongoni mwake, upande mweupe, akaandika orodha ya vitu vya safari hii ya mto: glavu, vichujio, asidi, chupa tisa, chupa ya shahidi.

Orodha hiyo anayo leo mfukoni. Jumanne ijayo tume itakaa, na safari hii ameomba kusikilizwa yeye mwenyewe, si kusomwa. Mkemia atakuja na zile chupa kumi na nne na taarifa yake ya ukurasa mmoja na nusu, ingawa ameshaambiwa na mkuu kwamba si lazima. Mama Suuza anataka jambo moja tu kutoka kwa ofisi: barua ya kuifuta barua, yenye muhuri ule ule, isomwe mbele ya mwanasheria yule yule. Pole hataki. "Pole haiingii kwenye faili," anasema.

Jua limeshapanda. Kituo cha kwanza kimekamilika isipokuwa kitu kimoja. Anafungua chupa ya maji ya maabara, anayamimina kwenye jagi, anayachuja, anayafunga kwenye chupa nyingine na kuyatilia matone yake ya asidi. Anainua chupa kwenye mwanga. Hakuna cha kuona ndani yake, na yeye anaangalia kwa muda mrefu.

Mwandishi anamuuliza atawaambia nini Jumanne.

"Nitawawekea hii mezani," anasema. "Ni maji yasiyo na kitu. Nimeyabeba kilomita kumi na nne kwa mguu, nikayapitisha mtoni, nikayarudisha hayana kitu. Wao walikuwa na karatasi moja ya kushusha kutoka ghorofa ya pili mpaka chini. Waiangalie ilivyofika na uchafu."

Anabana kifuniko, anaandika lebo, na kuanza kuteremka kuelekea kituo cha pili.